MWALIMU NYERERE ALIPOKUWA TABORA
Imani ya mtu mmoja, mali ya watu wote



Kijitabu hiki cha kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu kina kurasa za hisa, mikopo na marejesho, na hizo mtazisoma kwa nafasi yenu. Lakini tuliona siyo vema kiwe cha hesabu peke yake. Tukaamua kuweka na maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha tangulia mbele ya haki, ili tujifunze kitu kwake. Tumemchagua Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Wapo watakaosema: ah, huyo si anajulikana, picha yake iko kila ofisi! Ni kweli. Lakini wengi wetu tunamjua Mwalimu wa Dar es Salaam na Mwalimu wa Butiama. Mwalimu wa Tabora tunamjua kidogo tu, wakati ni hapa hapa kwetu aliposoma miaka 6, akafundisha miaka 3 na zaidi, na akarudi baadaye kufanya uamuzi mmoja mkubwa wa maisha yake.

Sababu ya pili inatuhusu sisi wenyewe. Kikundi chetu kina Wakatoliki, Waislamu, Wamoravian, Walutheri na Wapentekoste. Kila uchaguzi ukikaribia, uwe wa nchi au wa kikundi, maneno huanza chini chini: tumchague wa kwetu. Tena wapo wanaosema dini isiguse kabisa mambo ya umma, na wapo wanaosema mtu mwenye imani akipata madaraka basi awanyooshe wote wafuate imani yake. Mwalimu alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, na alishika madaraka ya juu kabisa. Hebu tuangalie yeye alifanyaje.

MJI WA NJIA PANDA

Kwanza tukumbuke mji huu ni mji gani. Kabla ya reli, njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo pwani, ikapita hapa, halafu ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watumwa walipita hapa, hayo tusiyafiche. Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi hodari wa njia hiyo, wanabeba mzigo begani miezi na miezi. Waarabu waliotoka Oman na Unguja walijenga matembe yao Kazeh na Kwihara.

Uislamu ulikuja kwa njia hiyo. Na mwaka 1878 mapadre wa White Fathers, yaani Wamisionari wa Afrika, walitoka Bagamoyo na msafara wao wakafika hapa kwa njia hiyo hiyo, wakaajiri wapagazi wale wale. Kwa hiyo msikiti na kanisa Tabora vililetwa na njia moja. Mpaka leo ukoo mmoja unaweza kuwa na Yusufu wawili, mmoja anasali msikitini na mwingine kanisani, na siku ya msiba wote wanachimba kaburi.

Reli ilifika mwaka 1912. Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliweka hapa shule ya serikali ya wavulana, iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu. Ndiyo Tabora Boys tunayoijua. Ilichukua vijana wa nchi nzima, wa kila kabila na kila dini.

KIJANA KUTOKA BUTIAMA

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwezi Aprili 1922. Baba yake, Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Akina mama, hebu tulipime hilo. Mtoto aliyekulia katika mji wa namna hiyo anaona kwa macho yake nani analima, nani anasenya kuni, nani anachota maji, na nani anagawa mavuno.

Alianza shule akiwa na miaka 12, mwaka 1934, pale Mwisenge, Musoma. Huko ndiko alikoanza kufuata mafundisho ya Kikatoliki pamoja na rafiki yake, kwa mapadre wa misheni ya Nyegina. Hakuna aliyemlazimisha. Baba yake alikuwa mtu wa dini ya jadi.

Mwaka 1937 akafaulu kuja Tabora. Alikaa hapa mpaka 1942. Mwezi Machi mwaka huo wa mwisho baba yake alifariki, na shule haikumruhusu kwenda kuzika. Alikuwa bado hajabatizwa. Alibatizwa baadaye, tarehe 23 Desemba 1943, akaitwa Julius, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Makerere, Uganda. Alikuwa na miaka 21. Imani yake basi haikuwa ya kurithi. Aliitafuta na kuichagua akiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kuitafakari.

Pale Makerere aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa amesoma kitabu cha Mwingereza John Stuart Mill juu ya jinsi wanawake wanavyowekwa chini ya wanaume, akatazama kwao Uzanaki, akaona mambo ni yale yale. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa chifu, angeweza kuandika juu ya ushujaa wa baba yake. Yeye akaandika juu ya kazi ya mama yake na wenzake. Insha hiyo ikapata zawadi katika mashindano.

MWALIMU WA ST. MARY'S

Mwaka 1945 alimaliza Makerere. Nafasi za kazi zilikuwa mbili, na zote zilikuwa Tabora: shule ya serikali aliyosoma mwenyewe, na St. Mary's, shule ya misheni ya Kikatoliki. Ya serikali ilikuwa na mshahara mkubwa zaidi. Akachagua St. Mary's.

Mkuu wa shule hiyo alikuwa padre wa Kiayalandi, Richard Walsh. Mwalimu alifundisha biolojia na Kiingereza. Rafiki yake wa tangu zamani, Andrew Tibandebage, alikuwa mwalimu mwenzake pale pale.

Sasa tuangalie alifanya nini baada ya kengele ya kutoka kazini, maana hapo ndipo imani ya mtu inapoonekana. Alifundisha Kiingereza bure kwa watu wazima wa mjini. Walikuja watu wa dini zote, na hakuwauliza dini zao. Aliwapa pia mazungumzo juu ya mambo ya nchi.

Kwa muda mfupi alifanya kazi ya kukagua bei madukani kwa niaba ya serikali. Vita vilikuwa vimeisha juzi juzi, bidhaa ni za shida, na wenye maduka walikuwa wanawapunja wanunuzi. Aliandika taarifa juu ya bei za uongo. Taarifa zikawekwa tu, hakuna kilichofanyika. Akaiacha kazi. Hakuona sababu ya kuendelea kupokea posho ya ukaguzi ambao hauzuii wizi.

Na hapa akina mama tusikilize vizuri. Alijiunga na tawi la Tabora la chama cha Waafrika, TAA, akachaguliwa kuwa mweka hazina. Tawi lile lilifungua duka la ushirika. Waliuza nini? Sukari, unga na sabuni. Basi! Mtu aliyekuja kuwa Baba wa Taifa alishika daftari la fedha za watu hapa Tabora kabla hajashika nchi. Wale wanaodharau kazi ya mweka hazina wetu, wanaodhani ni kuandika andika tu, wakumbuke hilo.

Mafundisho ya Kanisa yalikuwa na mchango gani katika hayo? Tangu mwaka 1891, Papa Leo wa 13 alipotoa barua yake juu ya hali ya wafanyakazi, Kanisa Katoliki limekuwa likifundisha kwamba mfanyakazi anastahili malipo ya haki, kwamba watu wana haki ya kuungana katika vyama vyao, na kwamba mali ya dunia imewekwa kwa ajili ya wote, hata kama kila mtu ana haki ya kuwa na chake. Chini ya hayo yote kuna jambo moja: kila binadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, siyo Mkatoliki peke yake. Ukilishika jambo hilo sawasawa, huwezi kumpunja Mwislamu kwenye mizani, wala huwezi kukubali Mzungu ajione ni mtu zaidi ya Mwafrika.

Ndiyo maana hakuona shida kubishana na wakubwa. Ulifanyika mdahalo na walimu wawili wa shule ya serikali, hoja ikiwa kwamba Waafrika wamefaidika kuliko Wazungu tangu Afrika igawanywe. Mwalimu aliipinga hoja, akashinda. Baada ya ushindi huo akakatazwa kukanyaga tena shule ile aliyosoma.

Katika miaka hiyo hiyo ya Tabora alimposa Maria Gabriel, binti Mkatoliki kutoka kwa Wasimbiti, mwalimu wa shule ya msingi Nyegina. Padre Walsh akamhimiza aende kusoma Uingereza. Aliomba fedha za serikali mara ya kwanza akakosa, mara ya pili, mwaka 1949, akapata. Akaenda Edinburgh, akarudi 1952 na digrii. Tarehe 24 Januari 1953 akafunga ndoa na Maria. Baba alikuwa na wake 22. Yeye alioa mmoja, akabaki naye mpaka kufa.

KUCHAGUA KATI YA KAZI NA NCHI

Alifundisha tena, safari hii katika shule ya Kikatoliki ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, naye akiwa rais wake. Waanzilishi walikuwa 17, Waislamu na Wakristo: akina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Tewa Said Tewa, John Rupia, Patrick Kunambi, Germano Pacha wa Jimbo la Magharibi, na Saadani Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, mwisho wa ile njia yetu ya misafara.

Mwaka 1955 akatakiwa achague: ualimu au siasa. Akaacha ualimu. Tayari alikuwa na mke na mtoto. Mshahara ukakatika. Mama Maria akaingia kwenye biashara ndogo, akauza mafuta ya taa Dar es Salaam. Habari za uhuru huwa zinasimuliwa kwa hotuba na mikutano, lakini sisi wa biashara ndogo tunajua: nyumba ile ililishwa na kopo la mafuta ya taa.

Na tuseme kweli, Mwalimu alibebwa na akina mama wa Kiislamu kuliko wengi wanavyokumbuka. Bibi Titi Mohamed aliwaita wanawake wa Dar es Salaam kwenye TANU kwa maelfu. Hapa Tabora Bibi Nyange binti Chande alikuwa mstari wa mbele. Hawakumuuliza Mkatoliki huyu anasali wapi. Waliangalia anataka nini kwa nchi.

UAMUZI WA TABORA, 1958

Mwezi Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika hapa Tabora. Waingereza walikuwa wameleta uchaguzi wa kwanza, lakini ulikuwa wa ajabu. Kila mpiga kura alitakiwa kuwapigia kura watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Waafrika walikuwa mamilioni, Wazungu na Waasia wachache mno, lakini viti sawa kwa sawa. Tena mpiga kura awe na kipato fulani au elimu fulani. Akina mama wengi wa shamba hawakuwa na hiki wala kile.

Wajumbe wengi walikuja Tabora wamekasirika, wanataka uchaguzi ususiwe. Hasira hiyo ilikuwa ya haki. Mwalimu naye aliona ule mpango ni wa dhuluma. Lakini alisimama akawaomba waingie. Hoja yake ilikuwa kwamba wakisusa, watu wengine watajaza viti vile na uhuru utachelewa. Wakiingia, watachagua hata Wazungu na Waasia wanaokubaliana na TANU, na mpango wote utapinduka kwa kura.

Ulikuwa mjadala mkali wa siku kadhaa. Mwishowe upande wake ukashinda. Wapo waliokataa, Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, mwezi Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na watu iliowaunga mkono wakashinda. Uamuzi ule ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961 bila vita.

Kwa nini tunaliweka hili kwenye habari ya imani? Kwa sababu hapa palikuwa na mtihani. Ilikuwa rahisi kwa kiongozi kuwapa watu hasira waliyokuja nayo. Mzungu na Mhindi wangekuwa adui kwa rangi zao, basi, kazi imekwisha. Yeye alishikilia kwamba dhuluma ndiyo adui, siyo rangi. Miezi michache kabla ya uhuru, Oktoba 1961, walipotokea wabunge wanaotaka uraia utolewe kwa kuangalia rangi, alikataa kabisa, akaonya kuwa serikali yake itajiuzulu kuliko kupitisha jambo hilo.

SERIKALI ISIYO NA DINI, WATU WENYE DINI

Alipokuwa Waziri Mkuu, halafu Rais, alihudhuria Misa karibu kila asubuhi. Dar es Salaam alisali kanisa la Mtakatifu Petro, Oysterbay, akikaa kama muumini mwingine. Lakini serikali haikuwa ya Kikatoliki. Waziri wake wa kwanza wa Sheria alikuwa Chifu Abdallah Fundikira wa hapa kwetu Unyanyembe, Mwislamu, waliyesoma naye Tabora na Makerere. Rashidi Kawawa, aliyekuwa karibu naye kuliko wote katika uongozi, alikuwa Mwislamu pia.

Tutoe mifano miwili inayotugusa.

Wa kwanza ni wa shule. Shule nyingi za sekondari zilikuwa za misheni, na mtoto wa Kiislamu alikuwa na shida ya kupata nafasi. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule za mashirika ya dini ziwe za wote. Na St. Mary's, ile shule aliyoichagua kwa mshahara mdogo, shule ya rafiki yake Padre Walsh, ikachukuliwa pia. Leo ndiyo Milambo Sekondari, mnaipita kila siku. Mkatoliki alichukua shule ya Wakatoliki akaifungulia mlango mtoto wa jirani. Wapo Wakatoliki walioumia, na tunawaelewa, maana walizijenga kwa sadaka zao. Lakini tujiulize ni watoto wangapi wa akina mama wa Kiislamu wa mji huu waliopita pale.

Wa pili ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Yeye mwenyewe aliamini ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja mpaka kifo. Lakini sheria iliyopitishwa chini yake haikuwalazimisha Watanzania wote wawe na ndoa ya Kikatoliki. Ndoa ya Kikristo ikabaki ya mke mmoja. Ndoa ya Kiislamu na ya kimila zikatambuliwa kwamba zinaweza kuwa za wake wengi, na mke aliyepo akapewa njia ya kuweka pingamizi. Halafu yakawekwa mambo ambayo ni ya kila mke, awe wa kanisani, wa msikitini au wa bomani: mke ana haki ya kumiliki mali yake sawa na mume; mume hana haki ya kumpiga mke; na ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa mali waliyochuma pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ikatamka kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali hiyo.

Sheria ile ilikuwa na kasoro. Iliruhusu binti kuolewa na miaka 15, na ilibidi tungoje mpaka 2016 Mahakama Kuu ikalikataa hilo, na 2019 Mahakama ya Rufani ikakazia. Lakini tuone njia aliyopita. Imani ilimwambia mwanamke ni mtu kamili. Hilo akaliweka katika sheria kwa wote, maana kila mtu mwenye akili timamu anaweza kulielewa. Utaratibu wa sakramenti hakuuweka katika sheria ya nchi, maana huo ni wa wanaoamini.

AZIMIO, NA MANENO KWA KANISA LAKE

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba, na kuwa na hisa katika makampuni. Wapo mapadre na waumini walioogopa, wakasema huu sasa ni ukomunisti. Mwezi uliofuata Papa Paulo wa 6 akatoa barua juu ya maendeleo ya mataifa, akisisitiza kuwa mali ya ziada ya matajiri ni deni kwa maskini. Hofu ya baadhi yao ikapungua.

Mwaka 1970 alialikwa New York kuzungumza na masista wa Maryknoll. Hakwenda kuwasifu. Aliwaambia kwamba Kanisa likikaa pembeni wakati watu wanaonewa, likaishia kufariji na kugawa misaada, watu watalihesabu kuwa liko upande wa wanaoonea. Aliwataka washirikiane na maskini katika kuondoa umaskini wenyewe. Kumbe basi hakutaka dini inyamaze! Alitaka iseme, lakini iseme kwa ajili ya mnyonge, siyo kwa ajili ya kupata nafasi serikalini.

YALIYOKWENDA KOMBO

Tukiandika mema peke yake tutakuwa tunatunga kasida, siyo kuandika maisha. Mwalimu alikosea, na makosa mengine yaliumiza watu.

Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilipitishwa mwaka 1962, na ilitumika chini yake. Bibi Titi, yule yule aliyembeba, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akasamehewa mwaka 1972.

Vijiji vya Ujamaa vilianza kwa hiari. Lakini kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa nguvu. Wazee wa mkoa huu wanasimulia nyumba zilizobomolewa na mashamba yaliyoachwa na mazao. Mwaka 1974 na 1975 njaa ilikuwa kali, ukame ukiwa sababu moja na kuhamahama sababu nyingine. Nia ilikuwa watu wapate maji, shule na zahanati. Lakini mama aliyevunjiwa jiko lake hakuulizwa.

Na wapo ndugu zetu Waislamu wenye kinyongo, hasa tangu mwaka 1968, jumuiya ya EAMWS ilipopigwa marufuku na BAKWATA ikaanzishwa. Wanaona serikali iliingilia dini yao namna ambayo haikuingilia Kanisa. Hilo lina uzito wake, na ndani ya kikundi chetu tusimzibe mtu mdomo akilisema.

Sisi tunaona makosa hayo yana mzizi mmoja. Pale Mwalimu aliposhawishi, kama Tabora mwaka 1958, siku kadhaa za hoja mpaka watu wakaelewa, jambo lilisimama. Pale serikali yake iliposukuma watu kwa sababu tu ilikuwa na hakika kwamba inawatakia mema, jambo lilianguka. Kuwa na nia njema, hata nia inayotoka kwenye sala, hakumpi mtu ruhusa ya kuacha kuwauliza wenzake.

Aling'atuka mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Baadaye alikiri hadharani baadhi ya makosa, jambo ambalo viongozi wachache hufanya. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Kanisa lilianza mchakato wa kuchunguza kama anastahili kutangazwa mwenye heri, na Jimbo la Musoma ndilo lililoanzisha. Wakatoliki wanamwita Mtumishi wa Mungu. Wasio Wakatoliki wanamwita Mwalimu, na hilo linatosha.

SISI TUNACHUKUA NINI

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu. Hatukuwahi kuweka sharti la dini kwa anayeshika ufunguo, na tusije tukaweka. Lakini hatutaki pia mwenzetu aache imani yake mlangoni kama kandambili. Aingie nayo. Imani yake imzuie kuiba, imkumbushe mjane aliyeshindwa rejesho kwa sababu ya ugonjwa, imtie aibu akitaka kumpa mkopo shoga yake kwa upendeleo. Hayo kila dini inayajua.

Akitaka jambo liwe kanuni ya kikundi, alete hoja ambayo sote tunaweza kuipima, ya kanisani na ya msikitini. Ndivyo tulivyofanya kwa riba ya mikopo. Wenzetu Waislamu walipoeleza kwa nini riba inawapa shida, tulikaa, tukasikilizana, tukaweka ada ya huduma iliyo sawa kwa wote na faini ikaenda mfuko wa jamii. Hatukuwapigia kura ya wingi tukawanyamazisha. Tulichukua mikutano mitatu, lakini hakuna aliyejitoa.

Na mwaka huu tunachagua viongozi wapya. Tunaomba kila mmoja wetu, kabla hajainua mkono, ajiulize maswali ya yule mweka hazina wa duka la sukari, unga na sabuni: Huyu daftari lake liko wazi? Akiona bei ya uongo, atasema au atanyamaza apate posho? Atatuuliza kabla ya kutuamulia? Akijibu vizuri hayo matatu, mpeni, hata kama Ijumaa au Jumapili hamkutani naye.

Mungu awabariki, na awazidishie wote.